KESI KATIKA KAMUSI ELEZO: TUIANDIKEJE?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimepewa kurasa hizi nifunze, si kwa kuwa najua kuliko wenzangu, bali kwa kuwa nilikosea kuliko wenzangu. Wahenga walinena kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi nitakusimulia kosa langu kwanza, kisha tujifunze pamoja jinsi ya kuandika habari za kesi katika kamusi elezo, yaani ile kamusi inayoeleza watu, mahali na mambo yaliyotukia, wala si maana za maneno tu.

KISA CHENYEWE

Kama ujuavyo, chama chetu kilikubaliana kwamba kila mwanachama aandike makala moja ya kuongeza katika Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianzishwa mwaka wa 2003 na huandikwa na watu wa kujitolea. Kabla ya kupelekwa huko, makala hubandikwa kwenye ubao wa chama kwa wiki moja ili watu waikosoe. Wenzangu walichagua milima, wachezaji na waandishi. Mimi, kwa kuwa nataka kuwa wakili, nikachagua kesi ya Muruatetu. Nilisoma habari moja ya mwaka wa 2018 kwenye simu ya kaka yangu nikiwa kwenye foleni ya maji, nikarudi nyumbani nikaandika mbio mbio. Makala yangu ilianza hivi:

"Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta hukumu ya kifo. Wafungwa wote waliohukumiwa kifo walipata haki ya kurudi kortini ili wahukumiwe upya."

Niliisoma mara tatu nikajipongeza. Ilikuwa fupi na tamu kama halua. Mtu yeyote hakuikosoa.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne za mapumziko, nikaitwa ofisini. Nilimkuta ajuza mmoja ameketi mbele ya mwalimu mlezi wa chama, na kando yake kijana wa Kidato cha Kwanza ameinamisha kichwa. Mkononi ajuza yule alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo nyanya," nikamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Ni wewe uliyeandika haya?"

Nilipotazama karatasi, hamadi! Ni maneno yangu mwenyewe, yamenakiliwa kwa mwandiko wa yule kijana. Kumbe mjomba wake yuko gerezani, alihukumiwa kifo kwa kosa la wizi wa mabavu. Kijana aliyasoma maneno yangu ubaoni, akayanakili, akayapeleka nyumbani akamsomea nyanyake. Nyanya hakulala. Asubuhi akawauza kuku wanne apate nauli, aende kortini kuuliza mwanawe atarudishwa lini. Kwa bahati alipitia shuleni kwanza ili ahakikishe.

Nami nikajibu kwa kiburi, "Ndiyo nyanya, ni mimi."

Mwalimu akanitazama. "Hukumu yenyewe umeisoma?"

Nikanyamaza jii. Hukumu yenyewe sikuwa nimeisoma hata ukurasa mmoja.

Mwalimu akamwomba nyanya atupe muda. Tukaenda kwenye chumba cha kompyuta, ambapo siku ile ni moja tu iliyokubali kuwaka, tukaisoma hukumu pale inapotolewa bure na baraza linaloripoti sheria za Kenya, baraza ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994. Tulipomaliza, jasho jembamba lilikuwa likinitiririka. Katika sentensi zangu mbili mlikuwa na makosa matano! Ndugu msomaji, makosa hayo matano ndiyo somo letu la leo.

KOSA LA KWANZA: JINA LA KESI

Sikuandika jina kamili la kesi. Niliandika "kesi ya Muruatetu" kama wasemavyo watu. Jina lenyewe ni Francis Karioko Muruatetu na Mwingine dhidi ya Jamhuri. Katika vitabu vya sheria utaona herufi "v" katikati ya majina. Kwa Kiswahili tunaandika "dhidi ya". Panapoandikwa "Republic" sisi tunaandika "Jamhuri", yaani serikali inayoshtaki kwa niaba ya umma.

Usidharau jambo hili. Mara nyingi jina la mtaani si jina la mahakamani. Chukua kesi ya S.M. Otieno, ambayo wazazi wetu wanaikumbuka sana. S.M. Otieno alikuwa wakili, naye aliaga dunia Desemba 1986. Maiti huwezi kumfikisha kizimbani! Waliovutana juu ya mahali pa kumzika walikuwa mjane wake, Wambui Otieno, na upande wa pili Joash Ochieng Ougo na Omolo Siranga wa upande wa ukoo. Hatimaye alizikwa Nyalgunga, Siaya, mwaka wa 1987. Anayetafuta kesi hiyo katika ripoti za sheria kwa jina la S.M. Otieno peke yake atahangaika. Kwa hivyo andika majina yote mawili: lile rasmi na lile linalojulikana na watu.

KOSA LA PILI: ANWANI YA KESI

Mawakili huiita saitesheni. Mimi naiita anwani, maana kazi yake ni kama ya anwani ya barua. Bila anwani barua haifiki, na bila saitesheni msomaji hafiki kwenye hukumu. Mimi sikuweka anwani yoyote, ndiyo maana nyanya wa watu alikuwa anakwenda kortini na karatasi isiyo na mbele wala nyuma.

Anwani za kesi za hapa kwetu ni za aina tatu, nazo ni rahisi kuzisoma ukishaelekezwa.

(a) Anwani ya kitabu. Kwa mfano: Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors [1969] EA 696. Mwaka ulio katika mabano ya mraba ni 1969. EA ni kifupi cha vitabu vya ripoti za sheria za Afrika Mashariki. Nambari 696 ni ukurasa kesi inapoanzia. Kesi hiyo, ambayo hutajwa kila mara panapozuka pingamizi la awali, iliamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ukiona KLR badala ya EA, hivyo ni vitabu vya ripoti za sheria za Kenya.

(b) Anwani ya kielektroniki. Kwa mfano: [2017] eKLR. Ile "e" ndogo yaonyesha kwamba hukumu imewekwa kwenye intaneti. Hapa hakuna ukurasa, kwa hivyo ni lazima uongeze nambari ya kesi. Ya Muruatetu ni Ombi nambari 15 na 16 za mwaka wa 2015. Tazama vizuri: maombi yalipelekwa mwaka wa 2015 na uamuzi ukatoka mwaka wa 2017. Ukichanganya miaka hii miwili umempoteza msomaji.

(c) Anwani ya siku hizi. Kwa mfano: [2022] KESC 8 (KLR). Herufi KE ni Kenya. SC ni Mahakama ya Juu. Nambari 8 ni ya uamuzi wenyewe katika mwaka huo. Ukikuta KECA ni Mahakama ya Rufani, na KEHC ni Mahakama Kuu. Uzuri wa anwani hii ni kwamba inakutajia mahakama papo hapo, kabla hujafungua ukurasa wowote.

KOSA LA TATU: NGAZI YA MAHAKAMA

Niliandika "Mahakama Kuu". Lo! Uamuzi ulitolewa na Mahakama ya Juu, tarehe 14 Desemba 2017. Utasema, kwani kuu na juu si mamoja? La hasha! Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Ngazi zenyewe, tukianzia chini, ni hizi: mahakama za mahakimu, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, na kileleni Mahakama ya Juu, ambayo wengine huiita Mahakama ya Upeo. Mahakama hiyo ya kileleni iliwekwa na Katiba ya 2010, nayo ina majaji saba.

Mbona jambo hili lina uzito? Kifungu cha 163(7) cha Katiba chasema kwamba mahakama zote nyingine zinafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu. Uamuzi wa Mahakama Kuu waweza kutenguliwa na Mahakama ya Rufani kesho yake. Kwa hivyo anayeandika "korti iliamua" bila kusema ni korti gani ni kama anayesema "mwalimu ameruhusu" bila kusema ni mwalimu wa zamu au ni mwalimu mkuu.

Na tukiwa hapo hapo, hakimu na jaji si mtu mmoja. Hakimu huketi katika mahakama za chini. Jaji huketi kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu.

KOSA LA NNE: MAHAKAMA ILIAMUA NINI HASA?

Hili ndilo kosa lililomuuzia nyanya kuku wake. Niliandika kwamba mahakama "ilifuta hukumu ya kifo". Haikufuta.

Neno "hukumu" katika Kiswahili lina kazi mbili. Kwanza ni uamuzi mzima wa mahakama pamoja na sababu zake. Pili ni adhabu anayopewa aliyepatikana na hatia. Ukiandika "hukumu ilibatilishwa", msomaji hajui kama mtu ameonekana hana hatia au amepunguziwa adhabu tu. Shauri langu ni kwamba katika kamusi elezo tuseme "uamuzi" kwa ile ya kwanza na "adhabu" kwa ile ya pili. Tukifanya hivyo wingu lote linatoweka.

Sasa tazama. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji ni lazima apewe adhabu ya kifo. Jaji hakuwa na la kuchagua. Hata kama mshtakiwa alikuwa na jambo la kumwombea huruma, jaji hangeweza kulipima. Mahakama ya Juu iliamua kwamba ule ULAZIMA ndio unaokwenda kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe ilibaki katika sheria kama adhabu ya juu kabisa, na jaji akawa na uhuru wa kuitoa au kutoa nyingine. Mahakama ilisema waziwazi kwamba haikugusa uhalali wa adhabu hiyo kulingana na Kifungu cha 26(3) cha Katiba.

Ni kweli kwamba mtu wa mwisho kunyongwa nchini Kenya alinyongwa mwaka wa 1987. Lakini kutonyonga ni jambo moja na kufuta adhabu ni jambo jingine. Kamusi elezo haina ruhusa ya kuyachanganya.

KOSA LA TANO: KABLA NA BAADAYE

Kesi haizaliwi siku moja ikafa siku ya uamuzi. Ina mababu na ina wajukuu. Mwaka wa 2010, katika kesi ya Mutiso, Mahakama ya Rufani ilikuwa tayari imesema kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji haukubaliani na Katiba. Mwaka wa 2013, katika kesi ya Mwaura, mahakama hiyo hiyo ikageuka ikasema vingine. Ndipo Mahakama ya Juu ikaja ikakata shauri mwaka wa 2017.

Mambo hayakuishia hapo. Katika mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufani iliutumia uamuzi wa Muruatetu hata kwenye kesi ya wizi wa mabavu. Wafungwa wengi wa makosa mengine nao wakaanza kurudi kortini. Habari niliyosoma kwenye foleni ya maji ilikuwa ya wakati huo, na kwa wakati huo haikuwa ya ajabu. Lakini tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo. Ilisema kwamba uamuzi wa Muruatetu unahusu kosa la mauaji peke yake, chini ya vifungu vya 203 na 204. Wenye makosa mengine yenye adhabu ya lazima ya kifo, kama vile wizi wa mabavu na uhaini, hawawezi kuutegemea. Wanaotaka kupinga ulazima huo inawapasa wapeleke shauri lao wenyewe, waanzie Mahakama Kuu.

Unaona sasa? Neno langu "wote" lilikuwa uongo, na sentensi yangu ilikuwa imechelewa kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo kabla ya kuweka nukta ya mwisho jiulize: baada ya siku ile, kuna uamuzi mwingine uliobadilisha, kupunguza au kufafanua uamuzi huu? Na kila jambo liandikie tarehe yake, ili yule atakayesoma baadaye ajue ulikomea wapi.

TULIVYOMWAMBIA NYANYA

Tuliporudi ofisini, mwalimu aliniambia, "Wewe uliyeandika, wewe ueleze." Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikamweleza yote kwa Kiswahili chepesi.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Kumbe ni wale wa mauaji tu?"

"Ndiyo nyanya. Kwa uamuzi ule, ni wa mauaji tu. Nisamehe, nilikosea."

Nilitarajia matusi. Hakunitukana. Alisema, "Bora umeniambia kabla sijapanda gari. Sasa niandikie hiyo ya kweli, na tarehe yake, na nambari yake. Nitafute wakili nimwonyeshe, asije akanizungusha."

Mwalimu akamweleza kwamba kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2016 kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili, akamwambia aanzie huko. Nami nikaketi nikaandika polepole: jina la kesi, nambari ya ombi, tarehe ya 2017, tarehe ya 2021. Mwandiko wangu haujawahi kuwa safi namna ile. Nyanya akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kitambaa chake, akaondoka na mjukuu wake. Kuku hawakurudi.

Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba saitesheni si pambo la mawakili. Nyanya asiyejua kusoma aliiomba kabla sijafikiria kumpa.

MAKALA ILIVYOSAHIHISHWA

Hivi ndivyo makala yangu inavyoanza sasa. Ilinganishe na ile ya kwanza:

"Francis Karioko Muruatetu na Mwingine dhidi ya Jamhuri, Ombi nambari 15 na 16 za 2015, [2017] eKLR, ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017. Mahakama iliamua kwamba Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba kwa kulazimisha adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi huo unahusu kosa la mauaji pekee."

Si tamu kama halua tena, lakini haimdanganyi mtu.

KANUNI ZA KUKUMBUKA

1. Soma hukumu yenyewe. Gazeti na simu zikuonyeshe njia tu.
2. Andika jina rasmi na jina la mtaani.
3. Weka anwani kamili: mwaka, ripoti, nambari ya kesi na tarehe.
4. Taja mahakama na ngazi yake.
5. Tenganisha uamuzi na adhabu. Jihadhari na maneno "wote", "kabisa" na "daima".
6. Eleza kilichotangulia na kilichofuata.
7. Usitoe maoni yako kuhusu nani alistahili kushinda. Kamusi elezo si uwanja wa siasa.
8. Ripoti ikificha jina la mtoto kwa kuandika herufi za kwanza tu, nawe lifiche vivyo hivyo.

ZOEZI

Kesi ya marekebisho ya Katiba, iliyojulikana mitaani kama kesi ya BBI, iliamuliwa na Mahakama Kuu tarehe 13 Mei 2021, na Mahakama ya Rufani tarehe 20 Agosti 2021, kisha ikapewa anwani hii: [2022] KESC 8 (KLR), tarehe 31 Machi 2022.

(i) Anwani hiyo ni ya mahakama gani?
(ii) Mwenzako aliandika makala Septemba 2021 na hajaigusa tena. Ina kasoro gani?
(iii) Je, ni sawa kuandika kwamba Mahakama ya Juu "ilikubaliana na mahakama za chini"?

MAJIBU

(i) Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa kuwa tumeona herufi KESC.
(ii) Imekomea kwenye Mahakama ya Rufani, na uamuzi wa mwisho haumo.
(iii) Si sawa. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia ya mpango wa wananchi chini ya Kifungu cha 257. Lakini ilikataa hoja ya mahakama za chini kwamba Katiba ya Kenya ina muundo wa msingi usioweza kubadilishwa kwa njia za kawaida za marekebisho. Andika waliyokubaliana na waliyotofautiana, jambo kwa jambo.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, ubao wa chama bado uko pale pale, kando ya maktaba. Ukipita, usisome tu ukaenda zako. Ukiona kosa chukua kalamu ukosoe, kwa maana laiti mmoja wenu angeniuliza "umeisoma hukumu?", nyanya angekuwa na kuku wake. Kuuliza si ujinga. Mpaka mwaka ujao panapo majaliwa, kalamu naitua hapa. Wasalaam.